Mmiliki Apige Mwenyewe

Hela walipokea. Hilo tuliseme kwanza, maana wapo watakaosema Apolonia hakulipa. Alilipa Jumatatu asubuhi kwa simu yake mwenyewe, leseni ya mwaka mzima, na ujumbe wa asante ukaingia kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Wakati huo hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Hela yake ilipita moja kwa moja mpaka Dar es Salaam kwa mawakala, na kutoka hapo mpaka ng'ambo kwa wenye programu, haikuombwa kitambulisho wala cheti. Alipowasha kompyuta ili aanze kazi ndipo alipoambiwa athibitishe kwamba yeye ni Silvano.

Programu yenyewe ni ya kuchorea darizi. Unachora msalaba, ua, herufi, chochote upendacho, programu inaugeuza mchoro kuwa mishono, na mashine ya kudarizi inaufuata. Zamani programu ya namna hii ilikuja kwenye sidii, ukishaipakia ni yako mpaka kompyuta ife. Siku hizi haiuzwi, inakodishwa. Kila mwaka ulipe, kila mwaka uthibitishe, na michoro yako haikai kwako. Inakaa kwenye klaudi, yaani kwenye kompyuta za watu huko wanakokujua wenyewe. Fridolin, fundi wa kompyuta mwenye duka karibu na stendi ya Ifakara, ndiye aliyemhamishia huko Apolonia na mumewe, akawasifia kwamba hata nyumba ikiungua michoro itakuwa salama. Kweli ilikuwa salama. Ilikuwa salama mno, hata mwenye kuichora asiifikie.

Na mwenye kuichora ni Apolonia. Silvano, Mungu ampumzishe, alikuwa mtu wa kubeba majora, kuongea na wateja na kuifungua mashine ikikwama. Kuchora hakujua, na hakuwahi kujidai kwamba anajua. Lakini siku Fridolin alipokuja kufungua akaunti aliuliza jina la mwenye ofisi na namba yake ya simu, na wakati huo Apolonia alikuwa jikoni akimpikia huyo huyo Fridolin wali. Silvano akataja jina lake na namba yake. Hakuwa na nia mbaya, na wala Apolonia hakuona shida. Ndivyo kazi yote ya mikono ya mwanamke ilivyokwenda kuandikwa kwa jina la mumewe, huku sufuria ya wali ikichemka.

Sasa Silvano alikuwa kaburini tangu mwezi wa nane, na kompyuta ilisema namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya mmiliki.

Simu ya mmiliki Apolonia aliitoa mwenyewe. Siku ya kumaliza msiba, ukoo wa Silvano walikaa uani wakagawa vitu vya marehemu kama walivyozoea kufanya: mashati huku, jembe kule, redio kwa mdogo wake. Kwao, mpwa ndiye anayerithi jina la mjomba. Basi Ponsiano, mtoto wa Serafina, dada mkubwa wa Silvano, akavalishwa koti la marehemu, akakalishwa kwenye kiti chake, na wazee wakamwambia kuanzia leo wewe ndiye Silvano. Wakampa baiskeli, wakampa na simu. Apolonia aliichaji kabla ya kuitoa, laini ikiwa ndani. Mjane anayeficha vitu vya marehemu anasemwa vibaya bonde zima, na yeye hakutaka kusemwa. Jamani, nani angeikumbuka klaudi siku ya kumaliza msiba?

Kilichokuwa mezani wiki ile ni kasula, lile vazi la juu la padre wakati wa misa. Shemasi Theodori, kijana wa Sanje, alikuwa anapewa upadre Jumamosi, na Jumapili angesoma misa yake ya kwanza kijijini kwao. Wazazi wake walitaka kasula iliyoshonwa hapa hapa bondeni. Apolonia alikuwa amemchorea msalaba uliozungukwa na masuke ya mpunga. Siyo ngano, mpunga, ulioinama kwa uzito kama unavyoinama mwezi wa tano. Mchoro ulikuwa umekamilika, kitambaa kimekatwa, nyuzi za dhahabu zimenunuliwa. Ulibaki kutoka kwenye klaudi kuja kwenye mashine, hatua moja tu.

Maparoko wa jimbo karibu wote wangekuwepo Jumamosi hiyo. Tangu Silvano azikwe wateja walikuwa wameanza kupotea mmoja mmoja, kwa sababu waliamini mchoraji ndiye aliyezikwa. Kasula ya Theodori ingewaonyesha kwamba mchoraji yupo, anakula na kulala Ifakara. Ikikosekana, Apolonia angefunga ofisi, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Fridolin alikuja mchana ule na begi lake. Akasema ni jambo dogo, akachukua simu yake, akaipigia namba ya marehemu bila hata kumsubiri Apolonia arudi kutoka nje alikokwenda kuanua vitambaa. Akamwambia aliyepokea, kaka, umeingia ujumbe hapo una tarakimu sita, hebu nisomee haraka. Sasa wewe fikiria. Kuna mtoto gani nchi hii asiyejua maneno hayo ni ya nani? Ponsiano alimjibu matusi ya kumtosha mwezi mzima, akamwita tapeli, akamwambia aende akamwibie mama yake, akazima simu. Apolonia alipoingia na vitambaa mkononi na kupiga yeye, namba haikupatikana. Ikaendelea kutopatikana mpaka jioni.

Kwa aibu, Fridolin akajitolea kumwekea programu ya wizi bure. Akaiweka. Ilifunguka vizuri, nyeupe, tupu, haina mchoro hata mmoja, na ilipoambiwa itume ua dogo kwenye mashine ikaganda. Akaitoa, akasema kilichobaki ni kupiga huduma kwa wateja.

Gladness, binti wa Apolonia na Silvano, mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa pembeni akipiga pasi stola, ule mkanda mrefu wa kitambaa padre anaouvaa shingoni. Alisikia yote, kwa sababu Fridolin aliiweka simu kwenye spika.

Aliyepokea huko Dar alikuwa msichana mwenye adabu zake. Alijitaja kwa jina la Evelina, akaomba kuongea na ndugu Silvano.

"Silvano ni mume wangu," Apolonia akasema. "Amefariki."

"Pole sana mama. Akaunti hii ni ya ndugu Silvano. Tunaweza kumhudumia mmiliki tu, na mmiliki apige mwenyewe, kwa namba aliyosajili, akiwa mbele ya kompyuta yake."

Apolonia alidhani hakusikika, akarudia. Alikuwa amesikika vizuri. Evelina akampa pole ya pili, kisha akamweleza taratibu kwa sauti ya mtu anayesoma. Leseni ni ya mtu binafsi, hairithiwi. Ikithibitika mmiliki amefariki, akaunti inafungwa na vilivyomo vinafutwa, kwa ajili ya kulinda faragha yake. Ndugu wakitaka kupinga, watume cheti cha kifo na barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi, vyote viwe vimetafsiriwa kwa Kiingereza, na vitajibiwa kwa zamu yake. Faragha ya Silvano! Mtu ambaye mkewe alimwogesha kitandani mpaka siku ya mwisho, leo analindwa na watu wa ng'ambo asije mkewe akaona masuke ya mpunga aliyoyachora mwenyewe.

"Kwa hiyo nikuulize, mama," Evelina akasema. "Hapa kwenye kumbukumbu niandike kwamba mteja amefariki?"

Apolonia aliitazama simu. Fridolin alikuwa akimtikisia kichwa, usikubali, usikubali.

"Usiandike," akasema.

"Niandike nini basi?"

"Andika hayupo."

Gladness aliinua uso kutoka kwenye pasi, akamtazama mama yake, kisha akaendelea na stola ile ile aliyokuwa amekwisha kuinyoosha. Apolonia alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amezika, amelia, amenyoa nywele, amelala chini kwenye mkeka kama inavyotakiwa, na sasa alikuwa ameukana msiba wake mbele ya mtoto wake kwa sababu msichana asiyemjua alihitaji kitu cha kuandika. Alipokata simu alikwenda kukaa uani, na kwa muda mrefu hakuna aliyemfuata.

Kesho yake akaja Mzee Dionisi, baba yake Theodori. Alikuja kutoka Sanje na mkungu wa ndizi, amevaa suti ya kijivu aliyoinunua kwa ajili ya upadre wa mwanawe na ambayo hakuweza kuisubiri Jumamosi. Ni mzee mpole, hana neno baya na mtu. Gladness akampa shikamoo, akampokea ndizi, akamletea kiti. Mzee akaomba aione kasula.

Akaonyeshwa kitambaa cheupe, kitupu.

Apolonia akamweleza. Mzee alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa pale pale panapotakiwa kutikiswa, lakini ilionekana klaudi, leseni na uthibitisho vilimpita kama habari za nchi nyingine. Alichoelewa yeye ni kwamba mashine imekufa na Silvano. Akasema kwa huruma kabisa kwamba anaelewa, kwamba tangu marehemu aondoke lazima mambo yawe magumu, kwamba alikuwa na kipaji cha pekee, yale maua ya altare ya Pasaka watu wa Sanje wanayataja mpaka leo.

"Nilichora mimi, mzee," Apolonia akasema.

"Ndiyo, mama. Na ni vizuri unaendeleza kazi yake."

Alitaka kumwambia tena, na angemwambia, lakini mzee alikuwa tayari ameingia kwenye lililomleta. Kamati ya sherehe ilikuwa na wasiwasi. Kuna duka Morogoro linauza kasula zilizo tayari, zinatoka nje, zina msalaba na ngano. Si nzuri kama za hapa, lakini zipo. Walisema kama mpaka Alhamisi jioni kasula haijaanza kudariziwa, wamtume mtu.

Aliyasema hayo akiinyoosha suti magotini, kwa unyenyekevu mwingi, na unyenyekevu ule ulimwuma Apolonia kuliko kama angegombezwa. Ukigombezwa unajibu. Mtu akikuhurumia kwa kitu ambacho si kweli, unamjibu nini? Akamwambia Alhamisi jioni itakuwa imeanza.

Jumatano akapanda basi dogo la Kidatu, akapita Kiberege, akashuka Mkula. Serafina alikuwa mbele ya nyumba yake kando ya barabara, akigeuza mpunga juu ya turubai kwa miguu, sketi ameipandisha. Apolonia akamwamkia shikamoo wifi, naye akaitikia marahaba bila kusimama, akaendelea kuburuza miguu ndani ya mpunga mpaka alipofika mwisho wa turubai. Kisha akauliza kama kwema, maana mtu wa Ifakara haji siku ya kazi kwa kusalimia tu.

Apolonia hakujua namna nzuri ya kuanza. Alipolitaja neno simu, Serafina akasimama.

Yaliyofuata, nusu nzima ya Mkula waliyasikia. Serafina alisema vitu vya marehemu viligawanywa mbele ya wazee, watu wakala, wakanywa, wakatawanyika. Aliuliza ni ukoo gani umewahi kuona mjane akizunguka vijijini akikusanya urithi uliokwisha kutoka. Aliuliza kama kesho angefuata baiskeli, na keshokutwa koti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara aliacha kupepea moto ili asikie vizuri. Apolonia alisimama juani na mkoba wake mpaka wifi yake akachoka, kisha akamwambia hataki simu. Simu ni ya Ponsiano. Anataka sauti tu.

Ponsiano akaja kutoka shambani na matope mpaka magotini. Ni kijana wa watu, mtaratibu, na alipojua tapeli wa Jumatatu alikuwa fundi wa anti yake aliona haya hata akashindwa kukaa. Akaiwasha simu, akamwonyesha. Namba za uthibitisho zilikuwa zimejipanga humo, moja baada ya nyingine, zote zimekwisha muda wake. Alikuwa akizisoma na kujipongeza kwamba yeye si mjinga wa kuibiwa.

Basi Apolonia akaeleza lililobaki. Haitoshi kusoma namba. Wanataka mmiliki apige mwenyewe, aongee. Ingebidi Ponsiano aje Ifakara, akae mbele ya kompyuta, aseme yeye ni Silvano. Alisema anajua ni vibaya kumtia kijana kwenye uongo, tena uongo juu ya marehemu, lakini hana njia nyingine.

"Uongo upi?" Serafina akauliza.

Apolonia akamtazama Ponsiano.

"Nakuuliza, wifi. Kwani huyu si Silvano? Ulikuwepo tulipomkalisha. Uliona wazee wakimpa jina, na chakula ulipika wewe. Leo unaniambia tulikuwa tunacheza?"

Alikuwa amekasirika kweli, zaidi ya alivyokasirikia simu. Na ghafla hasira ile ile ikamfanya awe upande wa Apolonia. Akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya na viatu, akamwambia Ponsiano ajiandae. Wangekwenda wote, kesho asubuhi, na yeye angekuwepo mpaka mwisho, maana kama kuna watu huko Dar wanaosema kaka yake hayupo basi watamsikia. Kisha akasema, kwa fahari ambayo hakujisumbua kuificha, kwamba kumbe michoro ya kaka yake bado inatafutwa.

"Ni michoro yangu, wifi."

"Yenu. Si alikuoa?"

Apolonia alikuwa amepata alichokifuata, akaona asiharibu. Lakini ndani ya basi la kurudi maneno yale yalimzunguka njia nzima. Ng'ambo walisema ni ya Silvano. Sanje walisema ni ya Silvano. Mkula walisema ni ya Silvano, na kwa sababu alikuwa mkewe, wamekubali awe na kipande. Watu hawa hawajawahi kukutana, hawajuani kwa sura wala kwa jina, lakini katika hili walielewana bila kuitisha kikao.

Alhamisi saa tatu walikuwa wamekaa ofisini wote. Ponsiano alikalishwa kwenye kiti cha Silvano mbele ya kompyuta. Serafina alikuwa kulia kwake, Apolonia kushoto, Gladness mlangoni. Namba ya uthibitisho ikaombwa, ikaingia kwenye simu, Ponsiano akaisoma, Apolonia akaiandika, kompyuta ikakubali. Kisha ikasema kwa kuwa namba nyingi zilikwisha muda bila kutumika, mmiliki apige simu. Ponsiano akapiga, akaweka spika.

Evelina akapokea.

"Mimi ni Silvano," Ponsiano akasema, na Serafina akatikisa kichwa kuafiki.

"Karibu sana ndugu Silvano. Tumefurahi kukusikia."

Walifurahi! Apolonia aliwaambia kweli wakampa masharti na Kiingereza. Huyu kawaambia jina tu, wamefurahi. Evelina akaomba amwulize maswali machache ya usalama. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Serafina akanong'ona, Ponsiano akasema. Akauliza jina la mama mzazi, Serafina tena. Kisha akauliza mchoro wa kwanza kabisa kuhifadhiwa kwenye akaunti unaitwaje, na Serafina akafungua mdomo akaufunga. Akamgeukia Apolonia.

"Njiwa wa Kipaimara," Apolonia akanong'ona.

"Njiwa wa Kipaimara," Ponsiano akasema.

"Ni sahihi. Asante, ndugu Silvano."

Akaunti ikafunguka. Michoro ikaanza kujaa kwenye kioo, njiwa, zabibu, maua ya Pasaka, na chini kabisa masuke ya mpunga. Apolonia aliyaona akapumua. Lakini Ponsiano ni kijana mwenye akili, akaona asiondoke kabla hajaliweka jambo sawa. Akasema yeye anakaa shamba, hayupo ofisini kila siku, kwa hiyo anataka akaunti hii iwe ya Apolonia.

Evelina akasema kubadilisha mmiliki haiwezekani kwa simu. Inawezekana kuongeza mtu wa pili. Akauliza huyo Apolonia ni nani kwake.

"Ni mke," Ponsiano akasema, akatazama chini.

"Mfumo hauna mke. Una mfanyakazi, msaidizi, au mgeni."

"Hakuna mchoraji?"

"Mchoraji ndiye mmiliki, ndugu Silvano. Ni wewe."

Ponsiano akamtazama anti yake. Apolonia hakumsaidia. Akamtazama mama yake, na Serafina akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayechagua kitambaa dukani, kwamba msaidizi inatosha, si kweli alikuwa akimsaidia?

"Basi andika msaidizi," Ponsiano akasema.

Apolonia alikuwa amevumilia mengi wiki ile. Alikuwa ameukana msiba, amepewa pole ya uongo, ametukanwa barabarani, ameketi kimya wakati mtu mwingine akiwa mumewe. Hilo neno moja hakuliweza. Akanyoosha mkono akachukua simu.

"Mimi sio msaidizi," akasema. "Michoro yote iliyomo humo nimechora mimi, pamoja na huyo njiwa wenu mnayemwulizia. Nimechora mtoto mgongoni, nimechora mume yuko hospitali. Huyo uliyekuwa unaongea naye ni mpwa. Silvano amekufa, dada. Nilikwambia Jumatatu."

Serafina alishika kifua. Kwenye spika zilisikika sauti za wasichana wengine huko Dar, kila mmoja akimkaribisha mteja wake.

"Najua, mama," Evelina akasema. Sauti yake ya kusoma ilikuwa imeondoka. "Nakukumbuka vizuri. Nikiandika hayo unayosema, michoro inafutwa sasa hivi, na mimi sina uwezo wa kuizuia. Mrudishie simu ndugu Silvano."

Apolonia aliitazama kasula juu ya meza, nyeupe, haina hata mshono. Angeweza kusema hapana. Angekuwa amesema kweli mara mbili kwa wiki moja, na angekuwa hana kitu. Ponsiano alinyoosha mkono kwa haya, kiganja juu, kama mtu anayeomba. Apolonia akamrudishia simu.

"Nipo," Ponsiano akasema. "Endelea, andika tu. Msaidizi."

Evelina akaandika. Sauti ya kusoma ikarudi, ikamkumbusha ndugu Silvano kwamba mwakani wakati kama huu watahitaji uthibitisho tena, asiwe mbali na simu yake, na ikamtakia siku njema. Pembeni ya kila mchoro kwenye kioo likajitokeza jina la Silvano kwa herufi nzito, na chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, la Apolonia.

Serafina alivuta pumzi, akasema shukuru Mungu limekwisha, wifi, kazi yako imepona. Na kweli ilikuwa imepona. Alisema kwa moyo mweupe, hakuwa na ubaya wowote, akaanza kutafuta viatu vyake alivyovivua chini ya meza. Apolonia alikuwa na hasira na hakujua amwelekezee nani, maana kila mtu chumbani mle alikuwa amemsaidia. Akautuma mchoro. Mashine ikawaka taa, ikaupokea bila kuuliza lolote.

Simu mkononi mwa Ponsiano ikalia. Akausoma ujumbe, akakuna kichwa.

"Anti, wanauliza. 'Ndugu Silvano, je, umeridhika na huduma yetu ya leo?' Wanataka ndiyo au hapana."

"Wajibu ndiyo," Apolonia akasema. "Silvano ameridhika."

Ponsiano akabonyeza, akatuma. Kisha akamtazama, kijana wa watu, akiwa bado kwenye kiti cha mjomba wake.

"Na wewe, anti?"

"Mimi hawajaniuliza," akasema, akatunga uzi wa dhahabu kwenye sindano ya kwanza.